Mpiga Chepkong'

Mvua ikinyesha mchana kutwa huku Sigowet, ngozi ya chepkong', ala ya nyuzi ya Wakipsigis, hulegea na sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Mpigaji huisogeza karibu na moto, aisikilize, aisogeze tena, ila si karibu mno, maana ngozi hupasuka. Kisha hukaza nyuzi moja moja pale zilipofungwa kwenye mti wa juu, sikio limeinama. Wageni wamekwisha keti. Hakuna anayemtazama bado.

Mikono hiyohiyo imeshinda ikichuma chai. Mshahara wa muziki haupo.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kikipsigis wakaimba kuhusu Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimbaji wa country aliyefariki 1933. Sauti yake ilifika milimani humu kwa gramafoni. Wao wakamfanya nusu mtu, nusu swala.

Dunia ikakumbuka jina la Rodgers na la Tracey. Miaka zaidi ya 60 ikapita ndipo nakala za sauti zile zikarudishwa Kapkatet, kwa wenyewe. Heshima ya namna hiyo naipenda kuliko cheti cha ukutani, angalau inasikika.

Na ile chepkong' inayosikika nyuma ya wasichana katika rekodi hiyo? Aliyeipiga naye lazima alikaza nyuzi kwanza, akajaribu, akakaza tena, watu wakingoja mashine iwashwe.