Waliojua Kusimulia Njia ya Bara

Hapa Chalinze ndipo barabara ya Morogoro na ile ya Segera zinapoachana, na riziki za wengi wetu zinatokana na wapita njia: mabasi ya Arusha, malori ya Zambia na Kongo, abiria wanaonunua machungwa na korosho dirishani. Zamani misafara ya Bagamoyo nayo ilivuka Ruvu na kukatisha nchi hii ya Wakwere ikielekea Unyamwezi. Labda ndiyo maana vitabu viwili nilivyosoma miezi hii, Desturi za Wasuaheli na Peponi, vimenishika kuliko vingine vyote. Waandishi wake wana ufundi mmoja adimu: wanajua kunyamaza pale ambapo mwingine angekimbilia kutufafanulia.

Desturi kilichapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la mkusanyaji wake, Carl Velten, lakini sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Anaanza na mimba na kuzaliwa, anapitia chuoni, jandoni, harusini na ngomani, anaingia kwenye biashara, utumwa na madeni, mpaka maziko na mirathi.

Kila jambo analipanga kwa hatua zake. Akieleza Wanyamwezi wanavyoshuka pwani na pembe za ndovu, unaona nani anatoka kwenda kuwalaki njiani, nani anawapa malazi, nani anasimama kati ya mgeni na Mhindi mwenye duka. Sauti yake haipandi. Hamwiti huyu mjanja wala yule mjinga, na ukimaliza kusoma umeshajua mwenyewe nani ameondoka na faida. Sentensi ni fupi, mzigo wote uko kwenye vitenzi, sifa ni chache mno. Yeyote aliyewahi kuandika kumbukumbu za kikao cha kijiji, akajaribu kueleza ugomvi wa shamba bila kuegemea upande, anajua kazi hiyo ilivyo nzito.

Tena fikirini alikuwa anawaandikia akina nani. Chuo alikofundisha kiliwaandaa, pamoja na wengine, maofisa waliokuja kuitawala nchi yake. Hajipendekezi kwao, wala haombi radhi kwa desturi za watu wake. Anazieleza kwa heshima ya mtu aliyelelewa ndani yake. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni ikawazuia. Alifia Berlin mwaka 1927. Natamani sana toleo la kitabu chake, la bei ya mwanafunzi, lifike katika shule zetu za Pwani.

Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli. Kijana Yusuf anaondoka kwao kwa treni pamoja na tajiri Aziz, akiamini anafuatana na ndugu. Ni Khalil, mwenzake wa dukani, anayemfungua macho: amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Gurnah ametupandisha treni ile tukijua kiasi kile kile anachojua mtoto. Nilirudi nyuma nikasoma upya siku ya kuondoka, na huzuni ya wazazi ilikuwa pale pale, imewekwa wazi, nami nilikuwa nimeipita.

Hadjivayanis amefanya kazi kubwa upande wa mazungumzo. Khalil ana maneno mengi, utani juu ya utani. Mnyapara Mohammed Abdalla anaongea kwa ukali wa mtu aliyezoea kutiiwa. Aziz hahitaji kuinua sauti. Nilimsomea mpwa wangu kurasa za Khalil kwa sauti, naye akacheka palipotakiwa kuchekwa. Wapo watakaosema sehemu ya safari ya bara, Yusuf anapofuatana na msafara wa Aziz, ni ndefu. Mimi nasema urefu huo una kazi yake, kwa sababu uchovu, homa na hongo za njiani huwezi kuvionja kwa haraka.

Wahakiki wameonyesha jinsi safari hiyo inavyokaribiana na simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande, iliyomo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko mwingine wa Velten wa mwaka 1901. Mwenye Chande anasimulia kwa jicho la mfanyabiashara: mali iliyochukuliwa, watu waliokufa, namna walivyonusurika. Gurnah aliipokea njia hiyo hiyo, na hatari zake, akamweka katikati yake mvulana asiye na mali yoyote, ambaye yeye mwenyewe ni sehemu ya hesabu ya tajiri.