Ukimya wa Msimuliaji: Maisha ya Tippu Tip na Msomaji wa Lokandu

Katika jamii za Waswahili, uchache wa maneno huhesabiwa kuwa dalili ya busara na adabu. Methali isemayo "Kimya kingi kina mshindo mkuu" haimsifu bubu; humwonya msikilizaji asidhani kwamba asiyesema hana neno. Onyo hilo lafaa kumwongoza mhakiki wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, tawasifu iliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya Heinrich Brode.

Kwa upande wa fani, ukimya wa tawasifu hii ni sifa. Sentensi ni fupi, na ni nadra msimuliaji kuuanika moyo wake. Kiambishi -ka- ndicho kinachobeba simulizi: mtu akafika, akanena, akaondoka. Tendo hufuata tendo, na baina yao hapaachwi nafasi kubwa ya hofu wala ya majuto.

Kasoro hujitokeza katika maudhui. Pembe za ndovu hupimwa kwa frasila. Watawala wa bara hunena, na wageni kama Livingstone, Cameron na Stanley hupewa nafasi yao. Mateka, kwa sehemu kubwa, ni idadi tu. Hawaulizi wala hawajibu. Hapo ukimya hauwezi tena kuitwa adabu. Adabu ni mtu kuuzuia ulimi wake mwenyewe. Kumnyima mwenzake neno ni jambo jingine kabisa.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi tawasifu hii inaposomwa Lokandu, kwenye mto Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu. Katika karne ya 19 mahali hapo palijulikana kwa jina la Riba-Riba, na palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Misafara iliyoteka watu ndiyo pia iliyoeneza Kiswahili katika Maniema. Kwa hiyo msomaji wa huko huipokea lugha ya msimuliaji kama urithi wake, ilhali miongoni mwa waliomtangulia wamo waliohesabiwa pasipo kusemeshwa. Kwake yeye, ufupi wa maneno si suala la mtindo peke yake.

Haifuati kwamba Tippu Tip ashutumiwe kwa kuandika kwa ufupi; ufupi huo umekipatia Kiswahili mojawapo ya tawasifu zake za awali zilizo bora. Lililo wajibu wa mhakiki ni kutenganisha aliyenyamaza na aliyenyamazishwa. Darasani, inafaa wanafunzi wasimame penye kila -ka- na kuuliza ni nini kilichorukwa, kisha wayaweke Maisha kando ya masimulizi ya wazee wa Maniema. Mshindo unaotajwa na methali huenda ukasikika huko.