Magadi Yalainishayo Maharage Ndiyo Yanayokaza Chikanda

Kila mpishi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania anajua kazi ya magadi. Ukitia kidogo kwenye maharage makavu, yanaiva upesi na kulainika. Kwenye sufuria ya chikanda, magadi hayohayo hufanya kinyume: uji wenye utelezi hugeuka kitu kigumu kinachokatwa kwa kisu, vipande vikasimama bila kubomoka. Kwangu mimi ufundi wote wa chakula hiki umejificha hapo, na unastahili kuchambuliwa kwa makini kama tunavyochambua ujenzi wa daraja.

Chikanda, ambacho wengine hukiita kinaka, ni chakula cha pande mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia. Hata Chunya, katika nyanda hizo, kinapikwa: ni mji wa dhahabu, na dhahabu huita watu kutoka kila upande. Wanaohamia huja na majembe, na huja pia na mapishi ya kwao. Viungo ni vichache: unga wa viazi vya okidi za porini, hasa za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria, halafu karanga, pilipili, chumvi na magadi. Hakuna nyama, ingawa anayekionja mara ya kwanza huapa kwamba ameila.

Viazi vyenyewe ni vidogo. Humenywa, hukatwakatwa, huanikwa hadi vikauke kabisa, ndipo vitwangwe na kuchekechwa. Unga huo ukiupa maji ya moto tu, unavutika kama mlenda, na ukiuacha hapo utabaki hivyo.

Mpishi niliyemtazama, mama wa makamo kutoka upande wa Tunduma, alianza na magadi. Aliyaloweka kwenye kikombe cha maji vuguvugu, akaacha takataka zitue chini, kisha akamimina maji ya juu tu. Karanga zake zilikuwa mbichi, zimetwangwa laini. Nilimuuliza, "Mama, mbona hukaangi kwanza?" Akajibu, "Zikikaangwa, mwanangu, mafuta yanatoka mapema. Chikanda hakishikani." Unga wa karanga ulikuwa kama vikombe viwili kwa kimoja cha unga wa okidi. Aliuchemsha kwenye maji yenye chumvi na pilipili, akatia maji ya magadi, halafu akaanza kunyunyiza unga wa okidi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukizungusha mwiko bila kupumzika. Ule utelezi ulikatika ghafla. Tope likawa zito, likaanza kujibandua pembeni mwa sufuria, na rangi yake ikaelekea kwenye wekundu wa udongo. Hapo alipunguza moto, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini, mpaka ukoko ukaiva pande zote.

Ni nini kilichotokea ndani ya sufuria? Viazi vya okidi vina glukomanani, minyororo mirefu ya sukari inayofyonza maji mengi mno. Kwenye minyororo hiyo kuna vishikizo vya asetili vinavyoizuia isikaribiane sana, ndiyo sababu uji unateleza. Magadi huving'oa. Vikishang'oka, minyororo hushikamana, joto huikaza, na ikishakazika haiyeyuki tena hata ukiipasha moto upya. Kwenye maharage magadi yanashughulika na kitu kingine kabisa, pektini inayounganisha seli, nayo huivunja. Kwa hiyo nguvu ni moja na matokeo yanategemea inachokutana nacho. Karanga nazo hujaza nafasi ndani ya mtandao huo kwa mafuta na protini. Bila karanga ungepata kitu cha mpira, kisicho na ladha.

Siku hizi wengi hutumia baking soda badala ya magadi. Inafaa, lakini ni dhaifu zaidi. Ikichemshwa hutoa gesi na sehemu yake hugeuka kaboneti, ambayo ni kali zaidi, kwa hiyo itiwe mapema maji yanapochemka. Anayeitia mwishoni asishangae chikanda chake kikilegea.

Ujuzi huu una ndugu mbali. Wajapani hukaza konyaku kwa chokaa kwa kanuni hiyohiyo. Waturuki hutumia viazi vya okidi kuongeza uzito wa aiskrimu na wa kinywaji cha salep. Nchini Ufilipino, vitumbua vya mvuke viitwavyo kutsinta hupata utafunaji wake kwa maji makali kama ya magadi yaliyotiwa kwenye unga wa mchele, kisha huliwa na nazi ya kukuna.

Lakini okidi inaumia. Mchimbaji anapong'oa kiazi kigumu cha msimu ujao, anaondoka na mmea mzima, na mbegu za okidi, laini kama vumbi, haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyovuka kwenda Zambia kutoka nyanda za juu kusini vilifikia hadi milioni 4 kwa mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inalinda sehemu muhimu ya mimea hiyo, lakini walaji wanaongezeka.

Ukishajua kwamba kazi inafanywa na glukomanani, unajua pia pa kutafuta mbadala. Unga wa konyaku unayo kwa wingi zaidi, kwa hiyo kipimo cha kikombe hakifai: gramu 30 hivi kwa lita moja ya maji hutosha kuganda zikipata magadi. Karanga zibaki mbichi, makaa yabaki juu ya mfuniko, na chikanda kiachwe kipoe kabisa kabla ya kisu kukigusa.