Rangi ya Baiskeli na Tumbo la Msanii

Vijiweni hapa Nkuhungu hoja ni moja: sanaa ni anasa ya walioshiba. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana ajira, kama mimi, abebe zege kwanza, riwaya itamngoja. Zege nabeba, wala siwadharau wanaolibeba. Ila hoja hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaishi Dar es Salaam kwa kubangaiza. Alipoanza kuchora, mnamo mwaka 1968, hakutumia turubai wala rangi ghali za wasanii. Alichukua hadibodi, ile ya kupigia dari, ikakatwa miraba, akaipaka rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Picha zikauzwa Oysterbay, penye Morogoro Stores.

Sasa tuitazame fani yenyewe. Usuli ni wa rangi moja tu. Katikati kakaa chui au ndege, mkubwa, na madoa yake unayaona kutoka ng'ambo ya barabara. Ukata ulimnyima mengi, naye akakata shauri kwa vichache alivyokuwa navyo. Mtindo ukazaliwa hapo. Hiyo ni faida ya kwanza: shida humlazimisha msanii kuchagua.

Faida ya pili ni ufundi kupita mkono hadi mkono. Tingatinga aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne hivi. Lakini alikwishawafundisha jamaa zake, hao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Familia ngapi zimekula kwa brashi ile!

Tusisifu tu, wajameni. Mnunuzi akipenda tembo, atachorwa tembo yule yule mara elfu. Picha nyingi za mtindo huu siku hizi zina mkono hodari, lakini jicho limelala. Njaa iliyomfundisha mwalimu kuchagua imewafundisha baadhi ya wanafunzi kurudia. Hapo silaumu njaa peke yake. Msanii naye ana lake la kujibu.

Huku kwetu, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba zinaota kama uyoga. Vipande vya mbao vinatupwa, makopo yanaachwa na rangi kidogo chini. Mwenye macho aokote. Hadibodi yangu mimi ni daftari na kalamu ya wino. Halijanilipia kodi ya chumba hata mwezi mmoja. Lakini bei ya unga siipangi, ujira wa siku siupangi. Nani afe na nani apone katika sura ya saba, hilo napanga mimi. Mtu mwenye jambo moja la kupanga kila usiku hawezi kuzoea kupangiwa yote.

Vijana wenzangu, leteni kazi zenu tuzisome, na tuzikosoe bila kuoneana haya.