Kipimajoto cha Kope

Misri ina mafundi wanaopima joto kwa kope. Kwenye vitotoleo vya jadi vya huko, majengo ya matofali ya udongo yenye ujia mwembamba katikati na vyumba vya ghorofa mbili huku na huku, fundi huokota yai, hufumba jicho, hulibandika kwenye kope, akajua. Joto likizidi hufungua tundu la paa. Likipungua, huchochea moto. Moto wenyewe, ambao kwa desturi ya kale ni wa samadi kavu, uko ghorofa ya juu na mayai yako chini, kama wali uliopaliwa makaa. Na tetea naye ndivyo afanyavyo: tumbo hunyonyoka manyoya, ngozi tupu ikajaa damu ya moto, akayapalia mayai kutoka juu.

Aristotle aliwataja Wamisri wanaoangua mayai kwa kuyafukia samadini. Mwaka 1749 Réaumur, Mfaransa ambaye kipimajoto kimoja kina jina lake, alichapisha kitabu kizima kuhusu ufundi huo. Nafurahi kwamba bwana wa vipimajoto ndiye aliyewaenzi watu wa kope.

Maana kazi yao haina mzaha. Yai la kuku hutaka nyuzi 37.5 hivi za Selsiasi kwa siku 21. Likipoa kidogo husamehe. Kuku mwenyewe hushuka kiotani akadonoe na kunywa maji, kiinitete kikapunguza mwendo kikimsubiri. Joto likizidi halisamehe. Nyuzi moja au mbili juu kwa siku kadhaa, kifaranga hukua kwa pupa, akatoka kabla ya siku zake na kitovu hakijafunga. Likipanda zaidi, utavunja mayai viza. Hata vuguvugu lina hila yake: yai lililosahauliwa kwenye chumba chenye joto la adhuhuri huanza kukua kabla halijaatamiwa, tena hukua shaghalabaghala, kiungo hiki kikitangulia na kile kikibaki nyuma.

Tofauti hiyo ya nyuzi chache huenda mbali kuliko siku ya kuanguliwa. Huko Marekani watafiti waliyaatamisha mayai ya bata wa msituni kwa nyuzi 35, mengine karibu 36, mengine 37. Waliokaa kwenye nyuzi 35 walichelewa kuanguliwa na wakakua wanyonge kuliko wenzao. Nyuzi mbili tu! Ungeyashika mayai hayo mkononi, usingejua lipi ni lipi.

Lakini ninachokistahi zaidi kwa fundi wa Misri ni kujua wakati wa kuacha. Kifaranga akishakua ndani ya gamba huanza kutoa joto lake mwenyewe. Basi karibu na nusu ya safari fundi huuacha moto uzimike, akayatandaza mayai yapashane joto yenyewe kwa yenyewe. Kazi yake sasa ni kinyume cha ile ya mwanzo: kuyatenganisha yasibanane, kufungua matundu, kupoza. Mashine za kisasa za kutotolesha hufanya vivyo hivyo. Siku za mwisho kazi yake kubwa huwa kutoa joto nje, si kuliingiza.