Siku ya Kukaa Tu: Nani Amekaa?

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna swali moja tunalolipenda mno: "Ujumbe wake nini?" Kazi isipojibu, tunaiweka kando. Nadhani ndiyo maana tumeisahau ile siku isiyo na ujumbe: mtu yupo nyumbani na watu wake, hakuna kilichozalishwa, na jioni ukimwuliza amefanya nini anakujibu, "Aa, nimekaa tu," huku uso umeridhika. Makala haya yanauliza siku hiyo imepewa nafasi gani katika maandishi yetu.

Tuanze na lugha yenyewe. Methali zinamwandama asiye na kazi: ajizi nyumba ya njaa, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Basi haishangazi kwamba Shaaban Robert, katika Utubora Mkulima (1968), anapotaka kumpa mhusika wake raha ya moyo, anamtoa kwenye ajira ya mshahara Unguja na kumpeleka shamba, Busutamu. Utubora anaridhika, sawa, lakini anaridhika jembe likiwa mkononi. Kutosheka kwake kumepewa kibali na jasho.

E. Kezilahabi naye, katika Rosa Mistika (1971), ametuchorea mwanamume anayekaa: Zakaria wa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Jamani, kukaa gani huko! Zakaria ni mlevi, na mzigo wa nyumba umemwangukia mkewe, Regina. Kwa kawaida tunasema hapa tatizo ni ulevi na malezi. Nakubali, ila naongeza: tatizo pia ni kwamba pumziko la mmoja linalipiwa na mwingine.

Na jambo hili si la jana. Katika utenzi alioutunga mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Kupona anamfundisha namna ya kumtunza mume aliyelala: asipaze sauti, akae karibu naye, ampapase, ampepee. Kwa upande wa mume, hiyo ni picha kamili ya mchana mtulivu nyumbani. Lakini hebu tuutazame mkono unaopepea. Huo uko kazini.

Azimio la Arusha lenyewe lililiona hilo. Mwaka 1967 lilisema kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita wengine wote, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wa vijijini wapo likizo nusu ya maisha yao. Hapo kuna mafundisho mawili. La kwanza, mvivu aende akalime; hilo tumelihubiri sana, darasani na vitabuni. La pili, aliyechoka naye akalishwe chini apumzike. Hilo la pili ndilo ninalolidai.

Wapo watakaosema, "Wewe bwana, fasihi ni silaha ya ukombozi, mambo ya kukaa mkekani waachie mabwanyenye." Sikubali. Likizo iliyopita, kwetu, Jumamosi moja mvua ilizuia kila kitu. Kaka zangu wakamenya mihogo, baba akachochea moto, mama akanyoosha miguu mkekani akatusimulia vituko vya jamaa waliokwisha kufa, tukacheka hadi machozi. Tukala mihogo kwa chai ya rangi. Hakuna aliyeingiza hata senti. Siku ile ilikuwa tamu kwa sababu mama naye alikuwa amekaa. Sasa niambieni, huo si ukombozi?

Kwa maoni yangu, basi, mandhari ya nyumba tulivu si pambo la kurukwa tukikimbilia mgogoro. Ni kipimo cha haki. Tukikutana nayo katika riwaya au utenzi, kabla ya kuulizana ujumbe, tuulizane kwanza: nani amekaa, na nani amesimama? Na wenzangu mnaoandika hadithi, tuandikieni siku ambayo hapatokei kitu, wala hakuna anayefukuzwa, anayepigwa au anayefichua siri. Watu wa nyumba moja wamekaa tu, wote. Mkiweza kuifanya isomeke hadi mwisho, mtakuwa mmetufundisha kitu ambacho hotuba nyingi zimeshindwa kukifundisha.