Jina la Waslovenia katika Katekisimu ya 1550

Katekisimu ya Primož Trubar ilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1550. Hiyo na kitabu chake cha alfabeti cha mwaka uleule ndivyo vitabu vya kwanza vilivyochapwa kwa lugha ya Waslovenia. Trubar alikuwa padri, kisha akafuata Waprotestanti. Mafundisho yake hatuyashiki. Lakini tuangalie jambo moja, yaani jina.

Ukurasa wa kwanza, kwa Kijerumani, waiita lugha ile Windisch. Ndivyo Wajerumani walivyowaita Waslavi jirani zao. Lakini ndani, akisema na watu wake kwa lugha yao, Trubar anawaita Slovenci. Jina hilo ni la kale. Zamani lilikuwa la Waslavi wote, na Waslovakia nao wana jina la shina hilohilo. Wengi husema latoka katika slovo, maana yake neno: watu wanaosikilizana. Hata hivyo wengi walijiita kwa jimbo lao tu, kama vile Kranjci, mpaka karne ya 19, Slovenci lilipokuwa jina la taifa zima.

Je, tumlaumu Trubar kwa ukurasa ule? Hapana, ndilo jina Wajerumani walilolijua. Kosa ni la waliokuja nyuma. Mwaka 1927 Martin Wutte wa Austria alifundisha kwamba Windische wa Carinthia si Waslovenia, bali ni watu wa mbali nao. Hivyo ndugu wa lugha moja walitengwa kwa jina.

Basi, msomaji mpenzi, ukisikia watu wanapewa jina, uliza kwanza: lawakusanya, ama lawatawanya?